Nafsi Ipi? Mtazamo wa Msimulizi Katika Kisa cha Kweli cha Mwenzi, Kutoka Tippu Tip Hadi Wanawake Watatu wa Kiswahili

Utangulizi

Kisa cha kweli cha maisha ya mtu ni amana kabla hakijawa fasihi. Anayekitoa humwamini anayekipokea; na anayekipokea, akiwa mwandishi, hujikuta na deni la namna mbili. La kwanza ni deni kwa mwenye kisa, ambaye jina lake litabaki midomoni mwa watu hata baada ya kitabu kufungwa. La pili ni deni kwa msomaji, ambaye ana haki ya kuelezwa ukweli bila kupunjwa. Heshima kwa mwenye kisa hudai sitara, ilhali uaminifu kwa msomaji hudai ufichuzi. Katika mvutano huo ndipo suala la mtazamo linapozuka: je, mwandishi aseme "mimi" kwa niaba ya mwenziwe, aseme "yeye" na kukaa kando, au ajitokeze kama shahidi aliyesikia na ambaye hakuona yote?

Aghalabu uhakiki wa Kiswahili umelitazama suala hili kama kipengele cha fani tu. Wanafunzi hufunzwa kwamba nafsi ya kwanza huleta ukaribu na nafsi ya tatu huleta upana. Kauli hiyo haina kosa, ila haitoshi pale kisa kinapokuwa cha mtu halisi. Makala haya yanadai kwamba katika historia ya masimulizi ya maisha katika Afrika Mashariki, uteuzi wa nafsi umetawaliwa na maswali matatu: ni nani aliyeshika kalamu, ni nani mwenye uwezo wa kusahihisha kilichoandikwa, na kisa kinamtumikia nani. Dai hili litapimwa kwa mifano kutoka vipindi mbalimbali, na uzito zaidi utawekwa kwenye Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert.

Misingi katika ushairi: Liyongo wa "mimi" na Liyongo wa "yeye"

Kabla ya nathari kushika hatamu, ushairi wa pwani ulikuwa umekwisha kuzitenganisha nafsi hizi mbili. Fumo Liyongo, shujaa wa eneo la mto Tana na visiwa vya Lamu, amehifadhiwa kwa njia mbili. Ipo hazina ya tungo za kale ambazo mapokeo yanamnasibisha nazo, na ambamo Liyongo mwenyewe husema, hujigamba na hulalama. Upo pia utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ambao humsimulia Liyongo kwa nafsi ya tatu, kuanzia uhasama wake na sultani wa Pate hadi kuuawa kwake na mwanawe wa kumzaa.

Tofauti ya njia hizi inaonyesha mpaka ambao hakuna msimulizi wa nafsi ya kwanza awezaye kuuvuka. Liyongo hawezi kuisimulia njama iliyopangwa akiwa hayupo, wala hawezi kusimulia jinsi watu wa mji walivyokihofu kiwiliwili chake kilichopiga goti kisimani na uta mkononi, wasijue kwamba amekwisha kufa. Habari hizo zahitaji jicho la nje. Hivyo basi, nafsi ya tatu katika mapokeo haya haikuwa dalili ya ubaridi; ilikuwa njia ya jamii kumkamilishia shujaa wake kisa ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukimaliza. Lakini Liyongo hakuwapo kukisahihisha kilichosemwa juu yake. Tatizo huanza pale anayesimuliwa anapokuwa hai, au anapokuwa amefariki juzi, na waliomjua wangalipo.

Tippu Tip na Brode: mtu mmoja, nafsi mbili

Mfano ulio wazi zaidi wa kisa kimoja kilichoandikwa kwa nafsi mbili ni ule wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905. Katika uzee wake alishawishiwa na Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa Unguja, aandike habari za maisha yake. Tippu Tip aliziandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Brode akazigeuza kuwa hati za Kilatini, akazifasiri kwa Kijerumani, na zikachapishwa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na toleo hilo likawafikia wasomaji wengi wa Afrika Mashariki.

Katika maandishi hayo Tippu Tip hutumia "mimi" bila kusita. Hakimbilii kujitetea. Mathalani, anaeleza jinsi alivyoupata utawala wa Utetera: alipata habari za mwanamke wa ukoo wa mtawala aliyetekwa zamani, akadai kwamba mwanamke huyo ndiye bibi yake, na kwa dai hilo mzee Kasongo Rushie akampokea kama jamaa na kumwachia nchi. Anayeusimulia uongo huo ndiye aliyeusema, na anausimulia kama mtu anayeeleza biashara iliyomwendea vyema. Msomaji hapewi hukumu. Anapewa tendo na sauti ya mtendaji, naye huachiwa apime. Hii ni nguvu ya nafsi ya kwanza ambayo haitajwi sana: humfichua mwenyewe pale anapodhani anajisifu.

Mwaka 1905 Brode alichapisha kitabu chake mwenyewe juu ya Tippu Tip, safari hii kwa nafsi ya tatu. Kichwa kidogo cha toleo la Kijerumani kilimwita Tippu Tip mtawala wa mabavu wa Afrika ya Kati. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1907, maneno hayo hayakuwamo. Kilichobaki ni kauli kwamba kisa kimesimuliwa kutokana na maelezo ya mwenyewe. Vichwa hivi viwili vya kitabu kimoja vinafaa kutafakariwa. Yule yule aliyemhimiza mzee aseme "mimi" alimgeuza kuwa "yeye" na papo hapo akampachika jina ambalo mzee asingejiita. Kisha, mbele ya wasomaji wengine, mamlaka ya kitabu yakaachwa kwa mzee yule yule peke yake, kana kwamba hukumu haikuwapo.

Haitakuwa haki kusema kwamba Brode alikosea kuhukumu. Maelfu ya watu waliobebeshwa pembe, waliotekwa na waliouzwa hawana "mimi" katika maandishi ya Tippu Tip, na mwandishi wa nafsi ya tatu alikuwa na wajibu wa kuwakumbuka. Kinachohojiwa ni namna. Hukumu iliyowekwa katika kichwa cha kitabu haimsikilizishi msomaji kilio cha mpagazi. Humwambia tu amdhanieje mwenye msafara. Brode aliibadili nafsi bila kuubadili upande wa kutazamia. Wapagazi walibaki kimya katika vitabu vyote viwili.

"Mimi" ya kuazimwa: kisa cha Swema

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ya kimya hicho ni kuwapa wanyonge nafsi ya kwanza. Kisa cha Swema kinaonya dhidi ya wepesi huo. Swema alikuwa msichana wa Kiyao aliyetekwa utumwani, akafikishwa Unguja akiwa hoi, akazikwa angali na uhai, na kuokolewa akapelekwa kwenye misheni ya Wakatoliki. Kisa chake kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870 kikiwa kimeandikwa kana kwamba Swema mwenyewe ndiye anayesema. Mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers alikirejesha mbele ya wataalamu kama ushahidi nadra wa udhaifu wa hali ya wanawake katika karne ya 19.

Kiini cha kisa hiki hakina sababu ya kutupiliwa mbali. Hata hivyo, "mimi" iliyomo imepita mikononi mwa wamisionari, ikavuka lugha, ikaandaliwa kwa ajili ya waumini wa Ufaransa ambao misaada yao ilihitajika. Mwendo wake unaelekea kwenye wongofu na msamaha, yaani kule ambako mpokezi alitaka ufike. Msomaji anapokutana na "mimi" husadiki kwamba hakuna aliyesimama kati yake na mtoto yule, ilhali amesimama mtu, na mtu huyo ndiye aliyechagua maneno. Kwa kipimo hiki, nafsi ya kwanza iliyoazimwa ina hatari kubwa kuliko nafsi ya tatu inayohukumu. Hukumu ya Brode inaonekana na yaweza kupingwa. Mkono uliofichwa ndani ya "mimi" ya Swema hauonekani, na kwa hiyo si rahisi kuupinga.

Shaaban Robert na Siti binti Saad

Shaaban Robert alikuwa na tajriba ya nafsi zote mbili. Katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, alijisimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Mwaka uliofuata alikutana na Siti binti Saad, muda mfupi kabla mwimbaji huyo hajafariki mwezi Julai 1950, akamhoji juu ya maisha yake. Wasifu uliotokana na mahojiano hayo ulichapishwa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na umeandikwa kwa nafsi ya tatu. Mwandishi aliyeijua vyema "mimi" aliamua kutomtungia Siti "mimi" yake.

Uamuzi huo una sababu zinazoweza kukisiwa kutokana na mazingira. Kwanza, Siti hakupata elimu ya shule, na alifariki kabla kitabu hakijatoka. Hakuwa na nafasi ya kusomewa kilichoandikwa na kusema, "Hapana, haikuwa hivyo." Kumtungia nafsi ya kwanza mtu asiyeweza tena kuisahihisha kungekuwa kumlisha maneno. Pili, mwandishi alikuwa mwanamume wa Tanga na msimuliwa alikuwa mwanamke wa Unguja. Zipo pande za maisha ya mwanamke wa mjini ambazo adabu ya pwani haikuruhusu mwanamume kuzisema kana kwamba ni zake. Nafsi ya tatu ilimpa mwandishi umbali wa heshima: alisimama barazani, hakuingia chumbani.

Sababu ya tatu ni nzito zaidi. Siti tayari alikuwa na "mimi" yake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay na kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri, jambo lililoifikisha sauti yake mbali na Unguja. Baadhi ya nyimbo zake zilisimulia visa vya kweli vya watu wa mji. Wimbo mashuhuri wa Kijiti, mathalani, ulihusu mauaji ya mwanamke mgeni, na ulitaja kinaga kwamba mshukiwa alitoroka huku mashahidi wanawake wakiadhibiwa. Siti alikuwa msimulizi wa visa vya wengine kabla hajawa kisa cha mwingine. Kumwandikia mtu wa namna hiyo "mimi" ya nathari kungekuwa kuweka sauti ya karatasi juu ya sauti ambayo watu walikuwa wameisikia kwa masikio yao.

Kuna ushahidi mwingine wa umuhimu wa mtazamo katika kisa hiki, nao ni habari ya vyungu. Siti alizaliwa Fumba, katika familia ya hali ya chini. Mamake alifinyanga vyungu, naye Siti akavitembeza hadi mjini kuviuza. Habari hiyo ni moja tu, lakini imesemwa kwa ndimi mbili. Alipopata jina, mahasimu wake walimkejeli kwa beti zilizomkumbusha umaskini wa shamba na kudai kwamba pasipo sauti asingekuwa na cha kula. Naye aliwajibu kwa wimbo, akishikilia kwamba sura na nasaba si kipimo cha mtu. Katika Wasifu, habari hiyo hiyo ya umaskini inakuwa mwanzo wa sifa: kadiri alivyoanzia chini ndivyo alivyostahiki kuheshimiwa.

Ni dhahiri kwamba mahasimu na mwandishi wa wasifu wanatofautiana si kwa ukweli bali kwa mahali wanaposimama. Hapa ndipo mafunzo ya darasani juu ya nafsi yanapopungukiwa. Waliomdhihaki Siti hawakusema uongo juu ya Fumba. Walichokosa ni nia njema, na nia hiyo haimo katika viambishi vya nafsi. Imo katika mpangilio: ni habari ipi itangulie, ipi ifuate, na msomaji aachwe na ipi moyoni.

Hata hivyo, heshima ya Shaaban Robert ina gharama yake. Wasifu huu umejaa mawaidha. Mara kwa mara tukio la maisha ya Siti hutumika kama ngazi ya kupandia kwenye mafunzo ya jumla juu ya bidii, subira na fadhila, na katika kupanda huko Siti mwenyewe huachwa chini. Msomaji hujua alistahili nini kuliko anavyojua aliona nini. Hofu, hasira na kicheko cha msanii aliyezungukwa na mahasimu havisikiki sana. Sitara iliyomkinga dhidi ya fedheha imemkinga pia dhidi ya kujulikana. Wasifu unamlipa mwenye kisa deni lake karibu lote, na msomaji akabaki akidai.

Kisa kilichorithiwa: Mbotela na Frere Town

James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa London mwaka 1934, aliandika kutoka mahali pengine kabisa. Yeye alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, na alikulia katika jamii ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Visa alivyoviandika alivipokea kwa wazee waliovipitia. Kwa hiyo nafsi ya tatu katika kitabu chake si ya mgeni wala ya rafiki. Ni ya mrithi.

Wahakiki wa baadaye wamemlaumu kwa kuwatukuza Waingereza na kwa kuuona utumwa kwa jicho la misheni. Lawama hizo zina msingi. Lakini mrithi ana kifungo ambacho rafiki hana: hawezi kukisimulia kisa cha mzazi bila kueleza kwa nini yeye mwenyewe yupo. Kwa watu wa Frere Town, jahazi lililokamatwa baharini lilikuwa mwanzo wa ukoo. Ndiyo maana macho ya msimulizi huganda kwenye tendo la kuokolewa, na kilichotangulia huko bara, pamoja na sababu za Waingereza wenyewe, hupata nafasi ndogo. Funzo lake kwa mwandishi yeyote ni kwamba ukaribu na mwenye kisa hauondoi upofu. Huuhamisha tu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Sauti tatu za Mombasa

Mwishoni mwa karne ya 20 kifaa kipya kiliingia kati ya msimulizi na mwandishi: kinasa sauti. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel na Sarah Mirza waliwahoji wanawake wa Mombasa. Mwaka 1979 Strobel alichapisha kitabu cha historia ya wanawake Waislamu wa mji huo, ambamo maelezo ya wanawake hao yanatumika kama ushahidi ndani ya hoja ya mwanahistoria. Mwaka 1989 wawili hao wakatoa maisha ya watatu kati yao, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kwa tafsiri ya Kiingereza; na mwaka 1991 likatoka toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili.

Utaratibu huu wa hatua tatu ni kinyume cha ule wa Brode. Yeye alianza na "mimi" ya mwenye kisa akaishia kwa "yeye" ya mtaalamu. Hawa walianza na "yeye" ya utafiti wakaishia kuwarudishia wenye kisa "mimi" zao, tena kwa lugha waliyosemea. Katika toleo la Kiswahili msomaji hukutana na ndoa, talaka, ngoma na hadhi za watu zikielezwa kwa lahaja na kwa mwendo wa mazungumzo, bila mawaidha ya kuzipamba. Msomaji wa Mombasa anaweza kukisoma kitabu na kukataa jambo lililosemwa humo. Yaani, uwezo wa kusahihisha umerudi mjini.

Hata hapa mkono wa mwandishi haujatoweka. Maswali ni ya muulizaji, na mpangilio ni wa mhariri. Mtu aulizwaye juu ya harusi atasema juu ya harusi, na yale ambayo hakuulizwa hubaki kwake. Tofauti na kisa cha Swema ni kwamba mkono huo umejitaja. Majina ya waliohoji yapo juu ya kitabu, na msomaji anajua kwamba anayesema anamwambia mtu fulani, si ulimwengu mzima.

Hitimisho

Mifano hii haitoi kanuni moja ya nafsi inayofaa kila kisa. Nafsi ya kwanza ya Tippu Tip ni ya kuaminika kama ushahidi wa nafsi yake kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwake. Ile ya Swema yahitaji hadhari kwa sababu kalamu haikuwa yake. Nafsi ya tatu ya Brode ilihukumu, ya Mbotela ilitetea ukoo, ya Shaaban Robert ilistahi. Kila moja iliona jambo na kukosa jambo.

Hata hivyo, unajitokeza mwelekeo unaoweza kumfaa anayetaka kukiandika kisa cha kweli cha mwenziwe. Pale mwenye kisa anapoweza kusema na kusikilizwa, "mimi" iwe yake, na anayeandika ajitaje kama mpokezi. Pale ambapo mwenye kisa hawezi tena kusahihisha, "yeye" ni salama zaidi, mradi msimulizi asijifanye mjuzi wa yote. Aonyeshe alichoambiwa, na pale kilipokomea akiri kwamba kimekomea. Shaaban Robert aliipata nusu ya kwanza ya busara hii alipokataa kumsemea Siti. Nusu ya pili, yaani kuacha pengo lionekane badala ya kulijaza kwa mawaidha, aliwaachia waliomfuata.

Mwenye amana haulizwi tu kama aliirudisha. Huulizwa pia kama aliirudisha ilivyokuwa. Mwandishi wa maisha ya mwenziwe hawezi kuirudisha ilivyokuwa, kwa maana kisa kikishaandikwa kimebadilika. Anachoweza ni kumwachia mwenye kisa, au jamaa na jirani zake, alama za kutosha za kujua ni wapi maneno yao yanaishia na ni wapi maneno yake yanaanzia.